Ulianguka Jumanne, nikajua Jumamosi

Scarborough, Toronto, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ndani ya boksi hili mna nguo yako ya mashindano ya kuteleza kwenye barafu kwa jozi, mahamri ishirini (yatie kwenye friza leo leo, yasilale nje) na barua hii. Nimeona niandike, maana jana kwenye simu sikusema nawe, nilikufokea. Wewe ukalia, mimi nikalia, babako akanipokonya simu, na hata sikumbuki tuliagana vipi.

Hebu niyapange nilivyoyaelewa. Jumanne asubuhi mwenzako alikuinua, kiganja chako kikateleza kwenye chake, ukaja chini kwa bega na upande wa kichwa. Ukainuka, ukamwambia kocha "niko sawa", mkarudia mara mbili nyingine. Jumatano kichwa kikaanza kugonga. Alhamisi mwanga wa darasani ukakuchoma macho, ukashindwa kusoma ubao. Ijumaa ukaenda mazoezini. Jumamosi ukatapika bafuni, na mama mwenye nyumba unakokaa ndiye aliyenipigia. Siku nne hizo mimi niko hapa kwenye meza ya cherehani, nakubandikia vijiwe vya kung'aa kifuani, kimoja kimoja kwa kibanio, na kila jioni nakuuliza "umeshindaje mama?" nawe unajibu "salama".

Usiku kucha nilijiuliza umeanza lini kunificha. Jibu lilinijia alfajiri nikitia udhu, na halikunipendeza. Ilikuwa Agosti, stendi ya mabasi, masanduku yako mawili yamekwisha kupakiwa kwa safari ya Montreal. Nilikubusu kipaji cha uso nikakwambia: "Haya mama, usituangushe."

Kwetu ni neno la kawaida. Mamangu aliniambia hivyohivyo nilipokwenda kufanya mtihani wa darasa la nane, na mimi sikuliwaza tena hata nilipofika mlangoni. Lakini wewe nilikuwa nakupeleka kwenye mchezo ambao binti huinuliwa juu ya kichwa cha kijana, na kijana mwenyewe anakwenda mbio juu ya vyuma viwili vyembamba. Kuangushwa huko si fumbo. Basi ukaanguka wewe, ukahakikisha sisi hatuanguki.

Neno lile nalirudisha. Nililisema vibaya.

Nataka pia ukumbuke ulivyoanza, maana siku hizi nasikia watu wakisema eti mama yako ana ndoto zake. Sikukupeleka barafuni ili uwe bingwa. Nilikupeleka kwa sababu ni bure. Ulikuwa na miaka sita, ndiyo baridi yetu ya pili nchi hii, nyumba ni chumba kimoja na sebule, na manispaa ya Toronto huwagandishia watu viwanja vya nje mitaani, hapana kiingilio. Viatu vilikuwa vya mtumba, dola kumi na tano, vimekuzidi namba moja, nikakuvisha soksi mbilimbili. Mimi barafu niliyoijua Mombasa ni ile ya pande kubwa, wanayouziwa wavuvi na wauza sharubati, imefunikwa gunia ili isiyeyuke njiani. Kwamba mtu ataisimamia kwa miguu miwili, seuze mmoja, halikunipitia akilini. Nairobi upo uwanja wa barafu ndani ya hoteli tangu 2005, tena uko Barabara ya Mombasa: jina la barabara ndilo la kwetu, barafu yenyewe haijatufikia.

Baridi iliyofuata tukakuandikisha CanSkate, mafunzo ya wanaoanza kuteleza, na somo la kwanza kabisa lilikuwa kuanguka. Nilisimama nyuma ya kioo nikawaona mmejipanga kama vifaranga, helmeti zimewafika nyusi, mnaambiwa: kunja magoti, keti ubavuni, kusanya vidole wasije wakavipitia wenzenu kwa vyuma. Mkaanguka wote pamoja, mkacheka. Mlifundishwa kuanguka vizuri. Hakuna aliyewafundisha kusema "nimeanguka vibaya", na mimi niliyekuwa nyuma ya kioo nilidhani ni jambo ambalo mtoto huzaliwa nalo.

Ulicheza peke yako hadi miaka kumi na miwili, mpaka ule mruko wa Axel wa mizunguko miwili na nusu ulipokukatalia msimu mzima. Kocha wako wa hapa akasema huyu mwepesi, haogopi, anausikia muziki, mtafutieni mwenza. Nikadhani ni kama kutafutiwa mtu wa kukaa naye dawati moja. Kumbe! Wasichana ni wengi, wavulana ni wa kuhesabu kwa vidole. Kijana akisema anatafuta mwenza, wasichana huja kujaribiwa kutoka kila mkoa. Ni posa iliyopinduliwa: mwanamume amekaa kwao, wanawake ndio wenye safari. Siku yenu mlikuwa sita. Nilitegemea watatazama miruko, lakini dakika ishirini za mwanzo hamkuruka kitu. Mlishikana mikono mkazunguka uwanja, mkazunguka tena, na wale makocha wawili walikuwa wakitazama magoti yenu tu, kama yanakunjika kwa wakati mmoja. Yako na yake yalikunjika pamoja. Hata mimi fundi cherehani niliona.

Nyanyako nilimtumia video yenu ya kwanza. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu ikaja sauti ya WhatsApp: "Huyo kijana amemshika wapi mjukuu wangu?" Nikamwambia kiunoni, mama, na hapo ndipo penye salama yake. "Na sketi?" Nikamwambia hana sketi, nimemshonea suruali ya kubana iliyoungana na blauzi, mikono mirefu, na sheria ya mchezo inaruhusu. Akafikiri kidogo. "Basi mwambie asimwachie."

Mlivyokuwa mkioneana haya mwezi wa kwanza! Nilikusimulia habari za Mabel Fairbanks, sijui kama ulikuwa unasikiliza. Alikuwa Mmarekani mweusi, akafungiwa milango ya mashindano miaka ya 1930 kwa ajili ya rangi yake. Hakuuacha mchezo, akawa mwalimu Los Angeles, na ndiye aliyewashikisha mikono Tai Babilonia, msichana wa miaka 8, na Randy Gardner, mvulana wa miaka 10, wote wawili wakiona aibu. Mwaka 1979 watoto hao wakawa mabingwa wa dunia. Sehemu ambayo sikukusimulia ni ya mwaka uliofuata, Olimpiki ya Lake Placid. Marekani nzima inawangojea wao, na Randy ameumia kwenye kinena. Wakati wa kupasha mwili moto, mbele ya watu wote, akaanguka na kuanguka tena. Wakajitoa kabla ya muziki wao kupigwa. Tai hakuwa na jeraha. Alikuwa amefanya mazoezi tangu ana miaka minane, na akatoka uwanjani pamoja naye.

Nawe ulikuwa unaogopa nini? Kumharibia mwenzako msimu. Najua, umemwambia babako. Sasa sikiliza nikwambie msimu wake ulivyo. Jana saa nne usiku alinipigia mwenyewe, kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani. Aliniomba radhi mara tatu kwamba amekuangusha. Nikamuuliza ulimwambia nini Jumanne. Akasema: aliniambia yuko sawa, ndipo nikamwinua tena. Jumatano mara sita. Ijumaa mara tano. Alipofika hapo kwenye Ijumaa sauti ikamkatika. Umemtwika kijana wa watu yai lenye ufa bila kumwambia lina ufa. Ungeanguka mara ya pili, yeye angeishi na nini?

Lipo lililotokea, wala sikutishi, limeandikwa. Oktoba 2004, mjini Pittsburgh, Maxim Marinin wa Urusi alimwinua Tatiana Totmianina mkono umenyooka, akapoteza mizani, binti akaja chini akapiga kichwa kwenye barafu, akatolewa kwa machela. Totmianina alisema hakumbuki kuanguka kwenyewe. Marinin yeye alikuwa anakumbuka yote, na ndiye aliyehitaji mtaalamu wa kumtuliza moyo kabla hajaweza kumwinua tena. Msimu uleule walirudi, na 2006 wakachukua dhahabu ya Olimpiki huko Torino. Lakini walirudi wakijua wote wawili kilichotokea.

Na hili lingine ni la aibu yangu. Kila mwaka kabla ya msimu kuanza tunatia saini ule ukurasa wa mtikisiko wa ubongo, wewe na mimi. Ni sheria ya Ontario ya mwaka 2018, inaitwa kwa jina la Rowan Stringer. Miaka yote nimeitia saini kama ninavyosaini karatasi ya bwana posta, sijasoma hata mstari. Jana usiku nimesoma. Rowan alikuwa na miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake Ottawa. Mei 2013 aligonga kichwa mara tatu ndani ya wiki moja. Alihisi kuna kitu, akawaandikia marafiki zake, akatafuta kwenye intaneti dalili za mtikisiko. Wakubwa hakuwaambia. Akaingia kwenye mechi ya mwisho, akaanguka, hakuamka. Nilisoma hadi hapo nikaweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaja chumbani kwako nikakaa kitandani.

Basi haya yamekwisha kuamuliwa, wala usimpigie babako kumbembeleza. Mashindano ya wiki mbili zijazo hamwendi. Kocha ameshaandikiwa, na mwenzako amekubali kabla hatujamaliza kumuuliza. Utafuata ngazi za daktari moja baada ya nyingine: kupumzika, kutembea, darasani kidogokidogo, kisha barafuni peke yako bila mruko wala mzunguko. Kuinuliwa ni mwisho kabisa, kwa karatasi yenye saini yake. Kichwa kikiuma kwenye ngazi ya tatu, unarudi ya pili, na unasema. Daktari anadhani ni kama wiki nne, ikiwa hutadanganya.

Utaniambia wiki nne ni msimu mzima. Mwanangu, una miaka kumi na minne. Tangu msimu wa 2024/25 hakuna anayeingia mashindano ya kimataifa ya wakubwa kabla ya kutimiza miaka 17. Wakuu wa mchezo duniani walipiga kura ya kupandisha umri 2022, na mimi niliona ni kura ya akili. Unakimbilia mlango ambao hata haujafunguliwa. Unamkumbuka Deanna Stellato-Dudek, tulimtazama pamoja Machi 2024, yeye akishindana hapo hapo Montreal, nawe ukipiga makelele hadi jirani akagonga ukuta? Mwaka 2000 alikuwa wa pili duniani kwa vijana, akicheza peke yake. Nyonga zikamkatalia, akaacha. Miaka 16 hakushindana. Alirudi akaingia mchezo wa wawili, na usiku ule wa Montreal alikuwa na miaka 40 alipochukua ubingwa wa dunia na Maxime Deschamps.

Na yule ambaye picha yake umeibandika mlangoni, Vanessa James, amezaliwa hapa hapa Scarborough, 1987. Alikulia Bermuda, akahamia Marekani, akawa bingwa wa Uingereza 2006 akicheza peke yake, kisha akaenda Ufaransa kutafuta mwenza. Olimpiki ya Vancouver 2010 yeye na Yannick Bonheur walikuwa jozi ya kwanza ya watu weusi wawili kuingia Olimpiki kwenye mchezo huo. Walishika nafasi ya 14. Wewe huiona picha, mimi huhesabu miaka: baada ya hapo akaanza upya na mwenza mwingine ambaye hakuwahi kuinua mtu, Sochi 2014 wakawa wa kumi, na medali ya kwanza ya dunia ikaja 2018. Miaka minane ya mwanzo upya. Nyingine akaipata 2022, akichezea Kanada, na mwenza mwingine tena. Hadithi yake ukiisoma haraka ni medali, ukiisoma polepole ni mabasi, bendera tatu na kujifunza mikono ya mtu mpya.

Pesa. Najua unahesabu, kwa sababu kosa letu ni kuhesabu mbele yako. Viatu na vyuma vyake, dola elfu moja na mia mbili. Kunoa. Saa za barafu. Kodi ya chumba chako. Babako na zamu zake za usiku kwenye teksi. Umekulia kwenye meza ambayo bili hufunguliwa kabla ya chakula kupakuliwa, na kila ukilalamika mguu mimi nilikuwa na methali tayari, mvumilivu hula mbivu. Nilikulisha mbivu hizo kupita kiasi. Pesa iliyokwenda imekwenda kwa hiari yetu, hukuikopa. Ukiniambia kesho umechoka na mchezo huu, nitakuja na basi la asubuhi kukuchukua, na viatu tutamuuzia mtu. Ila najua huniambii hivyo. Nimekuona ukiwa juu pale, mikono imekunjuka, huoni mtu.

Jambo dogo lakini si dogo: nimesikia kuna mtu hapo aliyekuambia uangalie sahani yako kwa sababu kijana anachoka kukuinua. Sitaki kumjua, maana nitapanda basi. Uzito wako ni mazungumzo ya daktari na mimi. Mahamri ni ishirini na sikuyahesabu ili ubakize.

Sasa nguo. Ni ile rangi ya bluu ya bahari uliyoitaka, kitambaa kinavutika pande zote nne. Vijiwe viko mabegani na kifuani tu. Kiunoni na mbavuni nimeacha patupu, maana ile ya mwaka jana ilimkwaruza mwenzako viganja, na kila kijiwe nimekivuta kwa kucha kuona kama kitabanduka, wasije wakakukateni alama kwa pambo kudondoka barafuni. Usiivae sasa. Itundike.

Lakini jaribu mikono. Babako ameniambia ulichomwambia baada ya mimi kupokonywa simu, kwamba ilikuwa kitambaa. Ule mkono mrefu wa fulana ya mazoezi niliyokushonea, wenye tundu la kidole gumba, unaofunika nusu ya kiganja. Niliushona hivyo kwa baridi, na kidogo kwa ajili ya nyanyako. Mwezi wa Septemba uliniambia unateleza. Nikakwambia nitautazama nikipata nafasi, na nilikuwa na gauni la harusi la mtu mezani. Umenificha siku nne ili nisijue kuwa ni mshono wangu.

Fulana zote tatu nirudishie kwa boksi hili hili, usikate mwenyewe kwa mkasi, kitambaa kitafumuka. Nguo hii mpya mikono nimeikomesha kwenye kifundo, nikaishika kwa lastiki nyembamba. Mwambie mwenzako aje jioni, mkae kwenye zulia, mshikane viganja vitupu kama mnavyoshikana akikuinua, unipigie picha kutoka juu na kutoka ubavuni. Nataka kuona lastiki inafika wapi mkono ukinyooka wote. Ikigusa kiganja hata kidogo, nitaipandisha.

Mamako